Soksi ya goti, jeli, sindano au mazoezi: kipi kinastahili pesa yako?

Goti likiuma wiki sita mfululizo, mwenye goti huwa amekwisha kununua kitu. Mara nyingi ni soksi ya kubana, tyubu ya dawa ya kuchua, na chupa ya vidonge yenye picha ya kiungo kinachong'aa. Tumevipitia kimoja kimoja, pamoja na huduma zinazouzwa hospitalini, kwa kigezo kimoja: je, baada ya miezi mitatu mtu atapanda ngazi vizuri kuliko leo? Goti tunalozungumzia ni la mtu mzima mwenye uchakavu wa gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) au maumivu ya kuzunguka pia ya goti, si goti lililovunjika au kuchanika kano juzi.

Yapo magoti yasiyofaa kununuliwa chochote. Lililovimba ghafla, jekundu, la moto, huku mwili una homa, lipelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana usaha ndani ya kiungo huharibu gegedu kwa siku chache tu. Vilevile lililokwama likakataa kunyooka, au lisiloweza kubeba uzito hata hatua nne baada ya kuanguka. Shavu la mguu likivimba upande mmoja, huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa, na hilo nalo halingoji. Halafu kuna mtu anayelalamikia goti lakini shida yake hasa ni kuinama kukata kucha za miguu: huyo akaguliwe nyonga kwanza. Nyonga iliyochakaa hutuma maumivu gotini, na hakuna soksi ya goti iliyowahi kutibu nyonga.

Soksi ya goti

Hii ndiyo bidhaa inayonunuliwa kuliko zote, na ndiyo inayonunuliwa vibaya kuliko zote. Kazi yake ni ndogo lakini ya kweli: hutunza joto, hubana uvimbe mdogo, na mguso wake kwenye ngozi humkumbusha mtu goti liko wapi, hivyo hatua hutulia. Haibebi uzito wa mwili wala haizuii mfupa kukutana na mfupa, hata boksi liandikwe nini.

Kosa la kwanza ni kuchagua saizi kwa kuangalia saizi ya suruali. Chukua tepu ya fundi cherehani, simama, kunja goti kidogo, upime mzunguko. Mahali pa kupima hutofautiana: wapo watengenezaji wanaotaka katikati ya pia ya goti, wengine sentimita 10 juu yake, wengine 15. Ukipima mahali pamoja ukasoma jedwali la mahali pengine, utapata saizi isiyo yako na utailaumu soksi. Kama goti lako huvimba jioni, pima jioni.

Unene wa neopreni, yaani mpira laini unaotengenezea soksi nyingi, ni jambo la pili. Milimita 3 yatosha kwa kutembea na kazi za nyumbani, 5 kwa mazoezi, na 7 imetengenezwa kwa wanyanyua vyuma. Mtu wa kawaida akiivaa 7 siku nzima atalowa jasho na kuivua saa nne asubuhi. Kwenye joto, chagua ya kufumwa, hata kama haibani sana kama neopreni. Ngozi ikitoka vipele vinavyowasha palepale soksi ilipogusa, tatizo linaweza kuwa kemikali zinazotumika kutengeneza mpira wa neopreni, na kuifua hakutasaidia, badilisha aina.

Ukishaivaa, vidole viwili vipite chini ya ukingo wa juu bila kulazimishwa. Alama ya mshono ikibaki kwenye ngozi muda mrefu baada ya kuivua, au mguu ukifa ganzi, ukawa baridi au ukavimba chini ya soksi, hiyo imebana mno. Soksi inayoteleza ndiyo malalamiko makubwa, na sababu yake ni umbo la paja: pana juu, jembamba chini, kwa hiyo kitambaa hutafuta njia ya kushuka. Tiba yake ni soksi iliyoshonwa kufuata umbo la mguu, yenye ukanda wa silikoni ndani ya ukingo wa juu. Watu wengi badala yake hununua saizi ndogo zaidi. Hiyo hujikunja nyuma ya goti ikawa kama kamba, mahali penye mishipa mikubwa ya damu.

Ivue usiku. Ioshe kwa mkono, maji baridi, sabuni laini, ianike kivulini. Jua na mashine ya kukausha huua mvutano wake. Ikishalegea, imekwisha kazi.

Usiichanganye na ndugu zake wawili. Mkanda mwembamba unaofungwa chini ya pia ya goti ni wa maumivu ya kano ya hapo, yale ya wachezaji wa kuruka, na kwa uchakavu wa gegedu hausaidii kitu. Kifaa chenye bawaba za chuma kinachosukuma goti upande mmoja ni kizuri kwa mwenye matege ambaye gegedu limechakaa upande wa ndani tu, kwa sharti kwamba mtaalamu akupime na kukirekebisha mwilini. Ni kikubwa, hakikai vizuri chini ya nguo, na wengi hukiacha kabatini.

Kifaa tunachokipa alama za juu kuliko hivyo vyote hakitangazwi popote: mkongojo. Ushike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, si upande unaouma, uende mbele pamoja na mguu mgonjwa. Mpini ufike usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono unaponing'inia, kiwiko kikunjike kidogo. Mpira wa chini ukilika, ubadilishe kabla haujakuangusha.

Jeli ya diklofenaki

Hii ni dawa ya kupaka ya kutuliza maumivu na uvimbe. Tunaipenda, na tunajua kwa nini watu wanaiona haifanyi kazi: wanapaka tone. Kipimo cha jeli ya asilimia 1 kwa goti ni gramu 4, mara 4 kwa siku, yaani gramu 16. Baadhi ya pakiti huja na kadi yenye mistari ya kupimia. Itumie, utashangaa gramu 4 zilivyo nyingi. Kwa hesabu hiyo tyubu ya gramu 50 inaisha siku ya nne na ya gramu 100 haimalizi wiki. Mtu ambaye tyubu moja ndogo imemtosha mwezi mzima hajaijaribu dawa.

Paka goti lote, mbele, kando na nyuma, ngozi ikiwa kavu na haina kidonda. Osha mikono. Subiri dakika 10 kabla ya nguo kugusa hapo, na saa moja kabla ya kuoga. Usifunge soksi ya kubana wala plastiki juu yake, wala usiweke chupa ya maji ya moto. Nafuu huweza kuchukua siku 7. Kwa matumizi bila daktari, lebo inataka usivuke siku 21.

Faida yake ni kwamba kiasi kinachoingia kwenye damu ni karibu asilimia 6 ya kile cha vidonge, kwa hiyo tumbo, figo na presha havibebi mzigo uleule. Hilo haliwi ruhusa ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni juu yake. Mwenye pumu inayochochewa na aspirini, na mjamzito aliyevuka wiki 20, wasiiguse bila daktari.

Dawa za kuchua zenye mentholi na methili salisileti ni jambo jingine. Hizo huchangamsha ngozi ili maumivu ya ndani yasisikike kwa muda. Hatuna ugomvi nazo kabla ya kulala, ila anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aziepuke, kwa kuwa salisileti hupenya ngozi na kuongeza hatari ya kutoka damu.

Vidonge vya "kujenga gegedu"

Glukosamini na kondroitini tunavipa alama ndogo. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, lenye wagonjwa 1,583, liliwapa watu miligramu 1,500 za glukosamini, miligramu 1,200 za kondroitini, vyote viwili, au kidonge kisicho na dawa. Kwa ujumla wao, tofauti na kidonge kitupu haikuonekana. Anayetaka kujaribu ajipe miezi mitatu na aandike maumivu yake kwenye daftari kila wiki, yasiposhuka, aache. Mwenye mzio wa kamba na kaa asome lebo, kwa kuwa glukosamini nyingi hutokana na magamba yao.

Kinachotutia hofu zaidi ni kidonge cha "asili" kinachomwinua mgonjwa kitandani siku ya pili. Mitishamba haina haraka hiyo. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya umma kuhusu bidhaa za Artri King na Artri Ajo King: ziliuzwa kama virutubisho vya viungo vya mwili, lakini maabara ilikuta ndani yake diklofenaki, na katika baadhi deksamethasoni pia, ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Deksamethasoni ni steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe inayofanana na homoni ya mwili. Ikimezwa kwa wiki kadhaa, tezi za juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake, na mtu akiiacha ghafla anaweza kuanguka kwa presha kushuka. Aliyekwisha kuzitumia muda mrefu asizitupe kimyakimya. Aende na chupa kwa daktari, apunguziwe taratibu.

Huduma za hospitali

Picha kwanza. Eksirei ya goti lenye uchakavu ipigwe mgonjwa akiwa amesimama, kwa sababu akilala nafasi kati ya mifupa huonekana pana kuliko ilivyo anapotembea. Omba hivyo waziwazi. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, kwa mtu wa miaka zaidi ya 50 mara nyingi itakuta meniska (kipande cha gegedu kinachokaa kama mto kati ya mifupa ya goti) iliyochanika, na watu wengi wenye mchaniko huo hawana maumivu yoyote. Kwa hiyo karatasi ya majibu peke yake isikupeleke chumba cha upasuaji. Kusafisha goti kwa kamera kwa sababu ya uchakavu kulijaribiwa Houston kwa watu 180, wengine wakichanjwa ngozi tu bila kusafishwa ndani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: waliosafishwa hawakuwashinda waliochanjwa.

Sindano ya steroidi hufanya kazi, kwa wiki kadhaa. Ni nzuri kwa goti lililovimba likamnyima mtu usingizi, hasa akitumia nafuu hiyo kuanza mazoezi. Ubaya ni kuifanya ratiba. Utafiti wa mwaka 2017 uliwachoma watu steroidi iitwayo triamsinoloni, miligramu 40, kila wiki 12 kwa miaka miwili. Gegedu lao lilipungua zaidi kuliko la waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakuwa na tofauti. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi siku za mwanzo, itapanda. Sindano za plazima yenye chembe sahani, zinazotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe na kuuzwa kwa bei ya kutisha, zilijaribiwa kwa watu 288 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, sindano moja kila wiki kwa wiki tatu. Baada ya mwaka hazikuyazidi maji ya chumvi. Pesa hiyo ina matumizi mengine.

Na goti la bandia? Likifika wakati wake ni huduma nzuri. Kwa takwimu zilizochapishwa mwaka 2019, karibu 82 katika 100 huwa bado yapo baada ya miaka 25. Hata hivyo, aliyeimarisha paja kabla ya upasuaji huanza akiwa mbele zaidi.

Mazoezi tiba

Hapa ndipo tungeweka pesa ya kwanza. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa watu 156 uliolinganisha sindano za steroidi na fiziotherapia, yaani mazoezi tiba. Kwenye kipimo cha 0 hadi 240 cha maumivu na ugumu wa goti, ambapo namba kubwa ni hali mbaya zaidi, makundi yote mawili yalianza karibu na 108. Baada ya mwaka, la sindano lilikuwa 55.8, la fiziotherapia 37. Programu ya Denmark iitwayo GLA:D, iliyoanza 2013, hutoa vikao vya elimu na vikao 12 vya mazoezi chini ya msimamizi. Ukipata huduma yenye umbo hilo, ichukue.

Zoezi la msingi ni kuinuka kitini. Kiti cha sentimita 45 hivi, miguu upana wa mabega, goti lielekee kidole cha pili cha mguu wala lisiangukie ndani. Inuka bila mikono, keti ukihesabu hadi tatu. Mara 10, mizunguko 2 au 3, siku tatu kwa wiki. Huwezi? Weka mto juu ya kiti. Ukifika 15 kwa urahisi kwenye mzunguko wa mwisho, ondoa mto, au shika uzito wa kilo 2 kifuani. Ongeza kupanda kidato cha sentimita 10 hadi 15, ukitangulia na mguu mgonjwa na kushuka polepole, na kulala chali ukinyanyua mguu ulionyooka sentimita 30, sekunde 5, mara 10.

Maumivu hadi 5 kwa 10 wakati wa zoezi yanakubalika, mradi kesho asubuhi goti liwe limerudi lilipokuwa. Likiwa limevimba, punguza mizunguko, usiache zoezi. Sauti ya kukwaruza bila maumivu ipuuze. Wengi huacha wiki ya tatu, wakati nguvu ya msuli hudai wiki 6 hadi 12. Wengine husubiri siku nzuri, wakafanya ya wiki nzima kwa mkupuo, kisha wakalala siku nne. Mwenye uzito mkubwa ajue pia kwamba kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Mtaalamu mzuri atakutazama ukitembea, atapima nguvu ya paja na nyonga, na atakuandikia mazoezi yenye idadi. Anayekulaza chini ya mashine ya umeme dakika 20 kila kikao na kukurudisha nyumbani bila zoezi hata moja, mwambie akuandikie. Akikataa, tafuta mwingine.