Simu ya Kukumbusha Dawa za Presha: Miezi Saba ya Kuitumia Ujiji

Mama yangu ana umri wa miaka 71, anaishi Ujiji, mkoani Kigoma, magharibi mwa Tanzania, na kwa miaka kadhaa sasa anameza dawa za shinikizo la damu. Miezi saba iliyopita kliniki anayohudhuria ilimwandikisha katika huduma ya simu za sauti: mara tatu kwa wiki simu huita, sauti iliyorekodiwa humkumbusha dawa na kumpa neno moja la afya, kisha humtaka abonyeze 1 ikiwa amemeza dawa siku hiyo, au 2 ikiwa hakumeza. Hatozwi chochote.

Kuchagua sauti ni uamuzi sahihi. Ujumbe wa maandishi, kama ule wa Wazazi Nipendeni ulioanza mwaka 2012 kwa ajili ya wajawazito, unamfaa mwenye macho ya kuusoma. Mama alisoma, lakini herufi za simu yake ya kitochi hazioni tena, na kila ujumbe humsubiri mjukuu arudi kutoka shule.

Lililonishangaza ni kwamba faida kubwa haikutokana na kukumbushwa. Mama hakuwa anasahau. Katika wiki ya tano alibonyeza 2 mara tatu mfululizo, na kesho yake muuguzi akampigia mwenyewe, akamsalimu, akamuuliza kwa upole kinachomzuia. Hapo ndipo mama alipoeleza jambo ambalo hata sisi wanawe hakutuambia: amlodipini ilikuwa inamvimbisha miguu, naye aliona aibu kumlalamikia daktari. Uvimbe wa vifundo vya miguu ni athari inayojulikana ya dawa hiyo. Daktari alimbadilishia, na tangu hapo anabonyeza 1, nami nikihesabu vidonge vilivyobaki naona anasema kweli. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hata katika nchi zilizoendelea, wanaofuata ipasavyo matibabu ya maradhi ya kudumu ni wastani wa asilimia 50 tu; nadhani wengi wa waliobaki wana sababu kama ya mama, na hawajapata wa kuwauliza.

Kasoro zipo, na baadhi zinaumiza. Simu huingia saa moja kamili jioni. Aliyepanga ratiba hiyo bila shaka alitazama jua la Dar es Salaam, ambako saa hiyo Magharibi imekwisha kuswaliwa. Huku kwetu jua huchelewa kuzama, na mara nyingi simu humkuta mama akitia udhu au yuko juu ya mswala. Vilevile, sauti hiyo ya binti huanza kwa “Habari za jioni, mteja wetu.” Mara ya kwanza mama alinirudishia simu na kuniuliza ni mtoto wa nani huyo asiyejua kumwamkia mtu mzima. Shikamoo ingechukua sekunde moja, na mzee humsikiliza anayemheshimu.

Vitufe navyo ni tatizo. Sauti ikimaliza kuuliza, mama inambidi aiondoe simu sikioni, aisogeze kwenye taa, aitafute 1, na mara nyingi simu huwa imekwisha kukatika. Kitufe cha 5 kwenye vitochi kina kinundu ambacho kidole gumba hukipata bila macho. Jibu la ndiyo lingewekwa hapo.

Kuhusu chakula, ushauri wao umenipa mashaka. Wiki kadhaa walimwonya dhidi ya soseji na chipsi, vitu ambavyo havijapata kuingia jikoni mwake. Chumvi ya mama inatoka Uvinza, naye huitia kwenye dagaa na kisamvu kwa kukadiria kwa kiganja, ilhali kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima hakifiki gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Ujumbe uliotaja dagaa na kiganja cha chumvi ungemgusa siku hiyohiyo. Tena kwa jirani yetu aliyehamia kutoka Kasulu, ungemgusa zaidi kwa Kiha.

Hata hivyo naipendekeza, kwa sharti kwamba kliniki iwe na muuguzi wa kufuatilia kila anayebonyeza 2. Wiki iliyopita tulimwandikisha baba mdogo anayekaa Gungu, na nilimwomba muuguzi amwekee saa tatu usiku, baada ya Isha. Alikubali, akaiandika saa hiyo kwa kalamu juu ya kadi yake ya kliniki.