Hua wa Socorro: banda zuri, bango bovu

Jumapili iliyopita nililipa kiingilio cha bustani ya wanyama ya mji ninaoishi hapa Ujerumani kwa ajili ya ndege mmoja tu, ambaye wageni wengi humpita wakikimbilia tembo. Tathmini hii inahusu banda lake peke yake.

Kilichonifurahisha kwanza ni sakafu. Mabanda mengi ya ndege hujazwa matawi ya kutulia huku chini kukiachwa saruji tupu, lakini waliojenga hili walitambua kwamba hua wa Socorro, ijapokuwa anajua kuruka, riziki yake iko ardhini: wamemwaga udongo na majani makavu, wakapanda vichaka vifupi vya kujificha, na mbegu hutawanywa humo badala ya kuwekwa bakulini. Kwa karibu saa nzima nilimtazama dume akitembea kwa miguu yake mirefu, mirefu kuliko ya tetere wetu, akipekua majani kwa mdomo. Kifua chake kina rangi ya mdalasini, na shingo humeta kila apitapo penye mwanga. Alinisogelea hadi kwenye wavu bila hofu yoyote.

Upole huo ndio uliomponza. Socorro ni kisiwa cha volkano cha Meksiko, kilicho mbali na bara katika Bahari ya Pasifiki, na hua huyu hakuwahi kuwa na makao mengine. Kwa kuwa kisiwani hapakuwa na mamalia wa kumwinda, hakuwa na sababu ya kumwogopa kiumbe atambaaye nyuma yake. Kondoo walioletwa mwaka 1869 walitafuna vichaka vilivyomhifadhi. Karne iliyofuata wakaja paka, na ndege anayekula, kutembea na kupumzika chini hana pa kumkimbilia paka. Mara ya mwisho alionekana porini mwaka 1972. Waliopo leo, mia chache tu, ni uzao wa ndege waliochukuliwa kisiwani mwaka 1925 na kupelekwa California kwa wafugaji, watu ambao nadhani hawakujua kwamba walikuwa wanaokoa chochote.

Hayo yote hayamo kwenye bango. Limeandikwa mistari mitatu: jina, chakula, na kwamba ametoweka porini. Halisemi kwamba kondoo wameshaondolewa Socorro, wala kwamba mwaka 2013 baadhi ya hua hawa walirudishwa Meksiko, katika hifadhi ya Africam Safari huko Puebla, ili uzao wao siku moja ufike kisiwani. Halielezi hata kwa nini banda kubwa namna ile lina ndege wawili tu. Mama mmoja aliyesimama kando yangu alimwambia mwanawe kwamba wenzao wamekufa, ilhali ukweli ni kwamba madume wa aina hii ni wagomvi kupindukia, hivyo hutunzwa jozi jozi. Sikumlaumu, bango ndilo lililomnyima jibu.

Banda ningelipa nyota tano na bango nyota moja. Anayekusudia kwenda na afike asubuhi, bustani inapofunguliwa, kabla kelele za watoto wa shule hazijawasukuma ndege vichakani. Benchi liko moja, upande wa kushoto, na kuanzia saa sita mchana hupigwa na jua.