Tofali za inchi sita Uyole: yadi ya mhandisi aliyeingia udiwani

Mwenye yadi hii, jirani na njia panda ya Uyole, Mbeya, ni mhandisi wa ujenzi ambaye sasa ni diwani. Wateja wanauliza: akiwa kwenye vikao vya halmashauri, ubora unabaki? Kwa sehemu kubwa unabaki, maana aliacha utaratibu unaoonekana kwa macho.

Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unachanganywa na toroli sita za mchanga, zinatoka tofali 20 hivi. Yadi nyingine hufyatua hata 40 kwa mfuko, ndiyo maana bei zao ziko chini na tofali zao unazikwaruza kwa msumari zikatoka unga. Mchanga nao unapimwa: unaujaza hadi theluthi ya chupa angavu, unaongeza maji na chumvi kidogo, unatikisa, unaacha utulie. Tope la juu likifika sehemu ya kumi ya mchanga, lori linarudishwa.

Kinachoitofautisha yadi hii hasa ni umwagiliaji. Kila safu imeandikwa tarehe kwa rangi, imefunikwa turubai, inamwagiwa asubuhi na jioni kwa siku 14. Wengi huishia siku 7, na kwa Dar es Salaam huenda zikatosha. Mbeya ya Juni na Julai ni baridi kali, na saruji iliyosagwa na pozolana (majivu ya volkano) hukomaa taratibu kwenye baridi. Tofali inaonekana kavu nje, ndani bado changa.

Kasoro iko kwenye upakiaji. Bosi akiwa kikaoni, msimamizi hubanwa na wateja wenye haraka, anaachia safu ya siku tisa au kumi. Zikishushwa Tukuyu, baada ya kona na miteremko yote ile, pembe zimemeguka. Hili lirekebishwe, tarehe iliyoandikwa haina maana kama haifuatwi.

Jambo moja tunalipongeza kwa dhati: yadi haiuzi tofali kwa miradi ya halmashauri, hata madarasa ya kata yake. Diwani anakaa kwenye kikao kinachopitisha fedha hizo, hivyo hawezi kuwa muuzaji na msimamizi kwa wakati mmoja.

Ukienda, soma tarehe mwenyewe kabla ya kulipa. Chukua tofali mbili uzigonganishe: zilizokomaa hulia kwa sauti kali, changa hutoa mlio mzito uliozibwa. Na waambie vijana wazipange garini kwa kuzisimamisha ubavu, wasizilaze.