Waya wa hedifoni wa karibu laki moja: nilichosikia na nisichosikia

Malipo ya korosho yakikaribia, maduka ya vifaa vya simu hapa Mtwara mjini huanza kujaza mzigo. Safari hii, pamoja na spika za bluetooth, zimeingia nyaya za hedifoni zinazouzwa peke yake, za kusukwa, zinazong'aa. Vijana wanaokuja kurekodi kwangu Chikongola wamekuwa wakiniuliza kama kweli zinabadilisha sauti au ni urembo. Mimi kazi yangu ni kuhariri sauti za harusi, kaswida na ngoma, na hedifoni nashinda nazo kichwani tangu asubuhi. Nikaona ninunue waya mmoja wa bei ya juu, niufanyie kazi, niupime, ndipo niseme.

Hedifoni zangu ni Audio-Technica ATH-M50x. Zinafaa sana kwa jaribio la namna hii kwa sababu waya wake unachomoka, na ndani ya boksi huja na nyaya tatu: mfupi wa mita 1.2, mrefu wa mita 3, na mwingine wa springi. Huo mfupi ndio nilioutumia miaka yote. Mrefu ulibaki kwenye boksi, haujaguswa. Kwa hiyo nilikuwa na nyaya tatu za kulinganisha: wa kiwandani uliochoka, wa kiwandani mpya kabisa, na huu wa kununua, wa shaba iliyopakwa fedha, uliotoka Kariakoo kwa basi nikaupokea stendi ya Mkanaledi. Ukijumlisha na nauli ya mzigo, umenigharimu karibu laki moja. Watu wengi wanaosifia waya mpya hulinganisha miwili tu, ule uliozeeka na huo mpya, na hapo ndipo hukumu yao inapopotea.

Nianze na tofauti niliyoisikia, maana ipo na ni kubwa. Nilikuwa nahariri kaswida iliyorekodiwa Mikindani: msomaji mmoja katikati, waitikiaji wamegawanywa kushoto na kulia, dufu nyuma yao. Kwa waya wangu wa zamani msomaji alisikika kwa mbali, mwembamba, kama mtu anayesomea nje ya dirisha. Waitikiaji walikuwa wametanuka mno na mwangwi wa ukumbi umejaa kila upande. Nikachomoa, nikachomeka waya wa fedha. Msomaji akarudi mbele. Pumzi anayoivuta kabla ya kuanza ubeti ikasikika, dufu nalo likapata uzito wake. Aliyeishia hapo angeapa kwamba fedha imefanya kazi. Mimi nikauchukua ule mrefu wa kiwandani, nikaufungua kutoka kwenye mfuko wake, nikasikiliza kipande kilekile. Msomaji alikuwa palepale mbele, na pumzi ileile.

Sababu niliitafuta kwa mita. Mita ya kawaida ya mafundi inatosha, ila gusanisha kwanza ncha zake mbili usome inasema nini, kwa kuwa nyaya za mita zenyewe zina ukinzani, yaani zinaupinga umeme kidogo, na ukinzani hupimwa kwa omu. Namba hiyo uitoe kwenye kila kipimo. Waya wa fedha na ule mrefu wa kiwandani zote zilisoma chini ya omu moja na namba haikutikisika hata nilipozikunja. Wa zamani ukiulaza mezani ulisoma vizuri, lakini ukiukunja kidogo pale unapoingia kwenye jeki, kile kichwa cha chuma cha kuchomeka, namba ikaanza kuruka juu na kushuka. Na haikuruka kwa kila njia. Iliruka kwenye njia ya kurudi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye siri ya nusu ya sifa zote za nyaya mpya. Jeki ya kawaida ya hedifoni ina sehemu tatu: ncha ni ya kushoto, pete ni ya kulia, na shina ni njia ya kurudi inayotumiwa na pande zote mbili. Njia hiyo ya pamoja ikianza kuoza, umeme wa kushoto unatafuta pa kurudia kupitia spika ya kulia, na wa kulia hivyohivyo kupitia kushoto. Sauti iliyo sawa pande zote mbili, yaani ile iliyowekwa katikati, inajifuta yenyewe kwa yenyewe. Ile inayotofautiana kati ya kushoto na kulia inabaki. Ndiyo maana msomaji alififia na mwangwi ukatanuka. Njia ikikatika kabisa, mwimbaji anaweza kupotea karibu wote ukabaki na mwangwi tu. Ikioza nusu, inatokea hali ya hatari zaidi kwa mtu wa kazi yangu, kwa sababu unasikia upana ambao haumo kwenye rekodi na unaweza kuupenda. Nimeshasikia watu wakiusifu upana wa namna hiyo kuwa ni uwazi wa sauti. Ukihariri kwa waya kama huo utampandisha mwimbaji kuliko anavyostahili, na mwenye harusi atakuja kulalamika kwamba kwenye spika zake muziki hausikiki.

Sisi wa pwani tunalijua hili kwa macho hata kama masikio hayajalitambua. Anayekaa Shangani anajua bati na misumari inavyoliwa na upepo wa bahari. Shaba nayo inaliwa, ikiongezewa jasho la shingo na kukunjwa kila siku mahali palepale.

Sasa swali lenyewe: waya wa fedha dhidi ya waya mzima wa kiwandani. Hilo nililijaribu bila kuona. Kijana ninayefanya naye kazi alikaa nyuma yangu. Nilijitanda kanga nzito mabegani, kwa kuwa waya wa kusukwa ni mzito na laini zaidi, na shingo ingeshanipa jibu kabla ya sikio. Feni tukaizima. Kitufe cha sauti tukakibandika kwa gundi ya karatasi kisisogee, na hili si jambo dogo. Sauti ikipanda hata kidogo, sikio linaiita nzuri zaidi. Fletcher na Munson wa maabara za Bell kule Marekani walionyesha tangu 1933 kwamba usikivu wetu wa besi hubadilika kadiri sauti inavyopanda au kushuka. Ndiyo maana muziki ukiuongeza unaonekana umejaa. Kijana alikuwa akirusha sarafu kuamua aweke upi, na kila safari alichomoa waya na kuchomeka hata kama anarudisha uleule, ili mlio wa jeki usinipe fununu.

"Dada, huu?"

"Fedha."

"Na huu?"

"Fedha. Hapana, subiri, rudisha mwanzo."

Tulitumia ile kaswida, ngoma ya sindimba niliyoirekodi Newala, na sauti ya mwanamke anayesoma taarifa bila muziki wowote, ambayo kwangu ndiyo huumbua kasoro haraka kuliko chombo chochote. Tulipokuja kuangalia karatasi yake, nilikuwa nimepatia takriban nusu na kukosa takriban nusu. Tukabadilishana viti, naye akapata hivyohivyo. Ni matokeo ya mtu anayebahatisha. Ila tulipouingiza ule waya wa zamani kwenye mzunguko, hakuna aliyekosea hata mara moja. Masikio yetu yalikuwa sawa, na njia ya kupimia ilikuwa sawa. Kati ya nyaya mbili nzima hapakuwa na cha kusikia.

Hesabu nazo zinasema hivyohivyo. ATH-M50x zina ukinzani wa omu 38. Waya mfupi wa hedifoni, kwenda na kurudi, tuseme una nusu omu. Kinachopotea humo ni takriban desibeli 0.1 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na tofauti ya desibeli moja nzima ndiyo watu wengi wanaanza kuitambua bila kujikaza. Fedha safi inapitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa kiasi cha asilimia 5 au 6 tu. Kwa hiyo ukibadilisha shaba yote kwa fedha tupu, unaokoa sehemu ndogo sana ya hiyo 0.1. Na wangu haukuwa fedha tupu, ni shaba iliyopakwa. Wauzaji husema sauti za juu hupita kwenye ngozi ya waya, ndiyo maana upakwe fedha nje. Jambo hilo lipo kweli kwenye umeme, lakini kwa Hz 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambao ni mwisho wa usikivu wa binadamu, umeme bado unaingia karibu nusu milimita ndani ya shaba, na nyuzi za hedifoni ni nyembamba kuliko hapo. Unapita kote. Zaidi ya hayo, kwenye hedifoni zenye waya mmoja kama hizi zangu, kuna vinyaya vyembamba vinavyopanda ndani ya utepe wa kichwani kuvuka kwenda sikio la pili. Hivyo hujavibadilisha hata ukinunua waya wa milioni.

Kuna mahali waya mzima unaweza kweli kubadilisha sauti, na sitaki kulificha. Zile eafoni ndogo za kuingiza sikioni, zenye spika kadhaa ndani, ukinzani wake hupanda na kushuka kulingana na sauti. Chukua mfano wa eafoni yenye omu 5 kwenye eneo moja na omu 50 kwenye eneo jingine. Ukiiwekea waya wenye omu moja, lile eneo la omu 5 linapoteza karibu desibeli 1.6, na lile la omu 50 halifiki hata 0.2. Hapo sura ya sauti imebadilika, na sikio zuri litaisikia. Lakini dawa yake ni waya wenye ukinzani mdogo, na shaba ya kawaida nene kidogo inatosha. Jingine ni nyaya za jeki kubwa ya mm 4.4, zinazotenganisha njia ya kurudi ya kushoto na kulia. Kuzitenganisha ni jambo jema. Ila ukihamia kwenye jeki hiyo, mara nyingi umehamia pia kwenye sehemu nyingine ya amplifaya yenye nguvu zaidi, na sauti inapanda. Sifa anapewa waya, kazi imefanywa na amplifaya.

Ule wa zamani niliupeleka kwa mzee mmoja fundi redio pale sokoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeuawa na nini huu?"

Akaukata vidole vinne kutoka kwenye jeki na kuumenya. Ndani nyuzi zilikuwa nyeusi zenye ukijani, nyingine zimekatika kabisa, na waya wa kurudi ndio ulioumia kuliko wote. Akaendelea kukata mpaka alipofika kwenye shaba nyekundu. Kisha akapitisha ncha kwenye moto wa kiberiti, kwa sababu nyuzi za hedifoni huwa zimepakwa vanishi na lehemu haishiki mpaka iungue, akaziunga kwenye jeki mpya. Nikamlipa elfu tano. Nimerudi nyumbani nikaupima, namba imetulia. Nimesikiliza ile kaswida, msomaji yuko mbele. Waya huo wa elfu tano na huo wa laki, nikifumba macho, sijui upi ni upi.

Kuhusu kuishi na huu wa kununua, nina mazuri ya kuusemea. Unalala vizuri, haujifungi mafundo, na kwenye kurekodi ngoma uwanjani hilo ni raha ya kweli. Ukigusa shati hausambazi ule mkwaruzo unaopanda hadi sikioni, ambao waya wa kiwandani unao kidogo. Kasoro yake ni kwamba pale unapoingia kwenye jeki hakuna mpira wa kuukinga usikunjike, yaani mahali pale pale nyaya zote hufia. Mimi nimeukazia bomba la plastiki la kusinyaa kwa moto, ambalo mafundi umeme wanalo. Muuzaji alitakiwa kuliweka mwenyewe kwa bei ile.

Anayeniuliza sasa anunue au asinunue, namuuliza kwanza waya wake una hali gani. Ukikunja karibu na jeki sauti inakatika, au mwimbaji anazama huku mwangwi ukibaki, shida iko kwenye waya na mpya utasikika kweli: nenda kwa fundi, au nunua wa shaba wa bei ya kawaida wenye mpira mzuri shingoni. Jeki ukiifuta mara kwa mara kwa pamba yenye spiriti, chumvi haipati nafasi ya kukaa. Kama waya wako ni mzima, hela hiyo iweke kwenye mito ya masikio. Ngozi bandia inachubuka kwa joto na jasho la huku, mto ukibonyea besi inavujia pembeni, na kubadilisha mito kunasikika siku hiyohiyo bila kurusha sarafu. Yangu nimeshaiagiza, ikifika nitaipima kwa namna ileile.