Kipimo cha DNA kumtafuta ndugu aliyepotea: uzoefu wangu na Shangazi

Nilinunua kipimo hiki kwa ajili ya mtu mmoja: mdogo wake babu mzaa baba. Alipata kazi melini akiwa kijana, akaandika barua kwa miaka michache, kisha kimya. Babu aliaga dunia bado anamuulizia. Kwa hiyo ile ramani ya rangi inayoonyesha asili yako kwa asilimia, ambayo kampuni hizi huitangaza kuliko kitu kingine, sikuihitaji. Asilimia zile ni makadirio, hutegemea watu ambao kampuni inakulinganisha nao, na hubadilika wakisasisha hesabu zao. Hazimpati ndugu. Anayekupatia ndugu ni orodha ya watu mnaochangia vinasaba.

Kama unasoma kwa haraka, chukua hili: apimwe mzee kwanza. Mtoto hurithi nusu tu ya vinasaba vya kila mzazi, kwa hiyo kila kizazi kinaacha kitu nyuma. Mimi ni mjukuu. Shangazi ni binti wa babu, na yuko karibu na yule mzee aliyepotea kwa hatua nzima kuliko mimi. Undugu huu hupimwa kwa sentimogani, yaani kipimo cha urefu wa vipande vya vinasaba ambavyo watu wawili wanachangia. Watoto wa ndugu wawili huchangia wastani wa 866 hivi, wajukuu wao 229 hivi. Kwa vitukuu, karibu mtu 1 kati ya 10 hataonekana kabisa kwenye orodha ya mwenzake, ingawa undugu wao ni wa kweli. Mzee akiondoka bila kupimwa, ushahidi huo huondoka naye.

Kumpima mzee kuna kazi yake. Kampuni niliyotumia hukusanya mate kwenye kichupa, na hutakiwi kula, kunywa wala kuvuta sigara kwa nusu saa kabla. Wazee wengi hukauka midomo. Sampuli ya Shangazi ilikataliwa na maabara, tukatumiwa kichupa kingine bila malipo, lakini huduma kwa wateja ilijibu taratibu mno. Zipo kampuni zinazotumia kijiti cha pamba cha kupangusa ndani ya shavu, na kwa mzee ningechagua hizo. Kabla ya yote nilimweleza kwamba matokeo yanaweza kufichua mambo ya nyumba ambayo hakuna aliyeyatarajia. Akaniambia, "Mwanangu, mimi namtaka baba mdogo. Mengine tutayabeba."

Matokeo yalipofika, juu kabisa kwenye orodha yake alikuwapo mwanamke tusiyemjua: sentimogani 441. Kwangu mwanamke huyohuyo alikuwa na 198. Hapa watu wengi hushangilia mapema. Ile 441 ya Shangazi inaweza kuwa ya mtoto wa binamu, inaweza pia kuwa ya binamu ambaye mzazi wake na wako walichangia baba tu au mama tu. Tovuti ya DNA Painter ina kikokotoo cha bure: unaingiza namba, kinakupangia aina za undugu kwa uwezekano wake. Kilichotusaidia zaidi ni orodha ya ndugu wa pamoja, yaani watu wanaoonekana kwenu wote wawili. Jamaa wa upande wa bibi aliyekwisha kupimwa alionekana kwa Shangazi, lakini hakuonekana kwa yule mwanamke, na kwa jinsi alivyo karibu na Shangazi angetarajiwa kuonekana kama wangekuwa wa upande mmoja. Basi tukaelekeza macho upande wa babu.

Nilimwandikia ujumbe mfupi: mimi ni nani, Shangazi ni nani, na swali moja, je, katika babu zake yupo aliyewahi kuwa baharia? Sikutaja kutoroka wala kutelekeza. Kumbuka kwamba mtu anayesoma ujumbe wako huenda alimpenda sana huyo unayemtafuta. Alikaa sana bila kujibu, na alipojibu alituma picha ya kitabu cha baharia cha babu yake. Jina la ukoo lililoandikwa humo lilikuwa jina la baba yao babu na mdogo wake, ambalo kwetu hakuna aliyelitumia kama jina la ukoo. Ndiyo maana kumbukumbu zote nilizopekua kwa jina letu, zikiwemo za bure za FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, zisingenifikisha kwake. Babu mdogo alikwisha kufariki, ila ameacha watoto wawili, na Shangazi sasa anazungumza nao kwa simu.

Nakipa nyota 4. Moja nimeiondoa kwa sababu ya huduma kwa wateja, na kwa kuwa vipengele muhimu vya ulinganishi vimefungiwa kwenye malipo ya kila mwaka. Pia ujue kwamba unalinganishwa na waliopimwa kwenye kampuni hiyohiyo tu. Ukikosa, pakua faili ghafi lako, yaani data yako yote ya vinasaba kutoka kwenye kampuni, ulipakie GEDmatch, tovuti ya kulinganisha DNA inayopokea faili za kampuni mbalimbali. Chagua mwenyewe kama polisi waruhusiwe kulilinganisha katika uchunguzi wao. Na kama ndugu yako amepotea kwa vita, maafa au uhamaji wa miaka ya karibuni, usianzie kwenye kipimo. Nenda Msalaba Mwekundu, wana huduma ya kutafuta ndugu na hawatozi kitu.

Faragha isichukuliwe kijuujuu. Mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9 waliokuwa wateja wa 23andMe, mojawapo ya kampuni za kupima DNA, na mwaka 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Sisi tuliomba sampuli ziharibiwe, tukazima ruhusa ya utafiti, na faili la Shangazi liko kwake, kwa nenosiri alilolichagua mwenyewe.