TAHADHARI: Anayeuza sovereni ya 1882 "ya London"

Wakuu mnaokusanya pauni za dhahabu za enzi za Malkia Victoria, hasa mlioko Uingereza, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na sovereni, yaani hiyo pauni ya dhahabu, ya mwaka 1882. Anadai ni urithi wa marehemu mzee wake, imetengenezwa London, adimu kabisa, kwa hiyo anataka bei ya juu mno kuliko thamani ya dhahabu yake. Ukisita anakwambia, "Ipeleke kwa sonara yeyote unayemwamini." Hapo ndipo anapowanasa watu. Sonara atapima na kukuta karati 22, gramu 7.98, kipenyo milimita 22, kila kitu sawasawa. Ndugu yetu mmoja alifanya hivyo, akatoka dukani na furaha tele, akalipa.

Dhahabu ni kweli, lakini sarafu ni feki. Mwaka 1882 kiwanda cha sarafu cha London kilikuwa kwenye ukarabati na hakikutoa sovereni hata moja. Zote za mwaka huo zilitengenezwa Australia, Sydney na Melbourne, na zina alama ndogo ya herufi S au M. Zile zenye picha ya Mtakatifu George na joka, herufi iko chini ya shingo ya Malkia; zenye picha ya ngao, iko chini ya shada linaloizunguka ngao. Ya huyu bwana haina herufi popote. Ndugu yetu aliniletea nikaiangalia kwa lenzi: maandishi yamenenepa na kingo zake zimelala, vipele vidogo vimetapakaa karibu na pua ya Malkia, na meno ya ukingoni mengine mapana mengine membamba.

Feki za namna hii zipo tangu karne iliyopita. Nyingi zilitengenezwa Beirut, zikatiwa dhahabu kamili, maana sovereni iliuzika zaidi ya thamani ya dhahabu iliyomo. Ndiyo maana kipimo cha sonara peke yake hakitoshi kwa sarafu inayouzwa ghali kwa sababu ya uadimu wa mwaka wake. Na akija na ya 1819 ndiyo muogope zaidi. Zilitengenezwa 3,574 tu, haiwezi kuwa inatembezwa WhatsApp.

Kingine, anang'ang'ania alipwe kwa PayPal kama mtu anayemtumia rafiki au jamaa. Malipo ya hivyo hayana ulinzi wa mnunuzi. Jambo hilo linaniuma sana, kwa sababu ndugu yetu alikuwa amedunduliza muda mrefu. Ukitaka sarafu ya mwaka adimu, nunua kwa mfanyabiashara mwanachama wa BNTA, chama cha wauza sarafu wa Uingereza, na udai risiti inayotaja mwaka na kiwanda.

Ndugu yetu ameshakwenda polisi. Kama na wewe umeuziwa, usiiuze tena wala kuiyeyusha. Itunze pamoja na meseji zote na uthibitisho wa malipo, halafu nitafute inbox tuunganishe ushahidi.