Damu iliyokauka kwenye marumaru: Jik au peroksaidi?

Mkishachinja kuku alafu damu ikakauka kwenye marumaru wengi wanakimbilia Jik, ila mimi nasema anza na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, unaimwaga tu inachemka povu jeupe na lile povu linainua damu mpaka kwenye mistari ya saruji katikati, unaacha dakika 5 hivi unasugua na brashi unafuta. Jik kazi yake kubwa kuua vijidudu, na ikikutana na damu nzito nguvu inaisha, kwa hiyo safisha kwanza ndo upake. Na jamani msichanganye Jik na siki, inatoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu! Maji ya moto pia hapana, yanaigandisha damu.